Muhuri Mlangoni mwa Chumba cha Jibini

Kosa kubwa kuliko yote niliyofanya katika kazi yangu lilianza kunuka siku ya tano. Siku ya kumi lilisikika hadi barabarani. Nalikumbuka kwa furaha, na hata leo nikipita njia ya Muheto watu huniuliza wakicheka kama nimekuja kumfungia mtu mlango.

Mimi ni mtu wa sheria wa vijijini. Si wakili, sivai joho, ingawa watu wamenipa cheo cha wakili, Mama Maître, na nimechoka kuwakatalia. Nilisoma droit, yaani sheria, Goma miaka mitatu, nikarudi Masisi, na tangu hapo nimo katika ofisi ndogo ya msaada wa sheria pale Kitshanga, chumba kimoja chenye meza, benchi mbili na bati linalotunyima kusikilizana mvua ikinyesha. Wengi huja kwangu baada ya matanga. Baba amekufa, shamba lipo, ng'ombe wapo, watoto wanatazamana kwa jicho la pembeni, na hakuna anayejua aanzie wapi. Nawaambia waanze na cheti cha kifo, wafuate na kikao cha familia, kisha wampate likidateri, yaani yule atakayekusanya mali ya marehemu, kulipa kinachostahili kulipwa na kuwagawia warithi kilichobaki. Tribinali, yaani mahakama, ikishamthibitisha, kazi inaenda. Naipenda kazi hii. Napenda hasa mihuri. Karatasi ikiwa na muhuri roho yangu inatulia kabisa, na nadhani hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Marehemu wa habari hii alikuwa mtengeneza jibini kwenye mlima ulio juu ya kijiji chetu cha Muheto. Kwetu tunaiita foromaji, na nimekua nikila ya kwake. Alikufa mzee, kifo ambacho ningekiomba na mimi: asubuhi aliingia katika chumba chake cha kukaushia, akageuza jibini zake zote kama kila siku, akatoka, akaketi kwenye benchi juani, na mke wake alipomletea chai akamkuta ametangulia. Aliacha mke, vijana wawili wakubwa wenye familia zao, ng'ombe, malisho, na kile chumba.

Matanga yalipoisha kijana mkubwa alipakia jibini kumi kwenye pikipiki akazipeleka sokoni Kitshanga. Mdogo alimwona akishuka. Yeye hakwenda sokoni, alikuja moja kwa moja kwenye benchi yangu, akakaa, akaanza kusimulia kabla sijamkaribisha. Kesho yake nilipanda mlima.

Mama mjane alinipokea kwa maziwa, akanionyesha chumba. Kilikuwa na baridi nzuri na giza kidogo, na rafu za mbao zimejaa mviringo wa jibini kila upande. Rafu za juu zilikuwa za kuuza. Ya chini ilikuwa ya nyumbani: kila mwaka mzee alitenga jibini chache kubwa za Noeli, akazichora kwa ncha ya kisu. Ya kijana mkubwa ilikuwa na mistari miwili, ya mdogo mistari mitatu, na mteja mmoja wa mbali alikuwa na yake pia. Mama aliniambia haya yote kwa kunifurahisha tu. Niliyasikia, nikaendelea kuandika idadi ya rafu.

Niliwakusanya nyumbani kwa mama, pamoja na chifu wa kijiji na baba mdogo wa vijana, yaani mdogo wake marehemu, mzee mwenye kofia ya sufu ambaye hakuivua hata kanisani. Nikawaeleza kwamba hakuna anayeruhusiwa kuuza wala kubeba chochote hadi warithi wote wajulikane. Nilimwomba chifu aandike karatasi, tukaibandika mlangoni pa chumba cha jibini, nusu kwenye ubao, nusu kwenye fremu, na muhuri wa zambarau katikati. Nikasema kwa sauti yangu ya ofisini kwamba mtu asiguse kitu. Muhuri ulikaa sawasawa kabisa, nikautazama mara mbili nikielekea kwenye pikipiki.

Lakini kabla sijaondoka niliuliza swali ninalouliza kila nyumba: je, kuna mtoto mwingine? Watu hulichukia swali hili, nami sijali. Mwishowe mama mjane, akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, akasema kuna binti huko Buleusa, upande wa Walikale, mkubwa, aliyezaliwa kabla yeye mwenyewe hajaolewa. Alisikia habari hiyo mara moja tu, kijana wake mkubwa akiwa mgongoni bado, na mume wake hakuirudia, naye hakuuliza.

Kijana mkubwa alisimama. Alisema ni maneno ya watu, kwamba baba yake hakuwa na mtoto Walikale, na kwamba baba mdogo yuko hapa, aulizwe. Baba mdogo alisema yeye hajawahi hata siku moja kuvuka kwenda upande ule. Akavuta kofia chini kidogo.

Nilimwelewa kijana yule vizuri, ingawa alinikera. Sheria yetu ya familia inasema mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa anarithi sawa na wenzake, mradi baba alimkubali akiwa hai. Tena inasema likidateri ni mkubwa wa warithi, isipokuwa wenzake wakimchagua mwingine. Tangu azaliwe aliitwa mkubwa. Alikuwa amenyoa kwa ajili ya kikao na kuvaa koti la baba yake. Mwanamke asiyemjua akitokea msituni, atavua koti lile mbele ya watu wote, na hilo ndilo lililomuuma kuliko ng'ombe na malisho.

Basi nikaenda Buleusa. Wiki ile njia ilikuwa nzuri, yaani tulianguka mara mbili tu. Pikipiki iliponishinda nilitembea, na kadiri nilivyoshuka ndivyo majani yalivyozidi kuwa mapana na migomba kuwa mirefu, hadi nikaanza kuwaonea huruma watu wetu wa milimani wanaotetemeka na makoti yao. Nilimkuta binti wa marehemu akitwanga. Alikuwa amepita miaka arobaini, mama wa watoto sita, na alipogeuka kunitazama sikuhitaji kuulizia nyumba: alikuwa na paji la uso la yule mzee, na mikono yake mifupi minene. Nikajionya kwamba paji la uso si ushahidi.

Alinipikia ndizi na sombe, yale majani ya muhogo, akanisubiri nishibe ndipo aulize. Habari za kifo zilikuwa zimemfikia kupitia wachuuzi. Alikuwa amelia peke yake, kwa sababu hakujua kama ana ruhusa ya kufanya matanga. Nilimweleza sheria yote, na sehemu yake ya mali. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo moja ambalo nililiandika kwenye daftari langu neno kwa neno.

“Ngombe siombe. Minataka waniandike. Pale kwenye karatasi, fasi ya batoto yake, na mimi nikuwe pale.”

Nikamuuliza ana nini cha kuonyesha. Cheti cha kuzaliwa hakikuwepo. Alisema kila Noeli, bila kukosa hata mwaka mmoja wa vita, ilimfikia jibini nzima kutoka kwa baba yake, imefungwa vizuri kwenye kitambaa. Niliguswa sana, lakini nilimwambia ukweli: zawadi haithibitishi kitu, mtu anaweza kumpa jibini yeyote amtakaye. Nakumbuka nilivyosema, nimenyoosha kidole kama mwalimu. Natamani ningejifunga mdomo kwa sombe.

Ndipo akawaita wazee wawili, mjomba wake na jirani yao, na wao wakaniambia habari ya mbuzi. Kwao, kijana akitaka kumkubali mtoto aliyemzaa kabla ya ndoa, analeta mbuzi kwa wajomba wa mtoto. Mbuzi huyo haliwi ovyo. Kila nyama ina mwenyewe: kidari cha mjomba, shingo ya jirani anayeshuhudia, na kadhalika hadi mkia, na aliyekula ameshuhudia maisha yake yote. Niliuliza kama walitia sahihi popote. Mjomba alinitazama kwa huruma, akasema walikula.

Nikafurahi kuliko inavyomstahili mtu wa ofisini. Baba alikwenda mwenyewe, akiwa hai, mbele ya watu, akasema mtoto huyu ni wangu: sheria inataka nini zaidi? Nilichohitaji ni mashahidi waje waseme hivyo mbele ya familia na chifu. Wazee walikubali siku ile ile, na sidhani ni kwa ajili ya sheria peke yake. Walikuwa wanataka kuona ng'ombe wa Masisi wanaosikia wakisifiwa.

Tulifika mlimani, mimi, binti na wazee wake wawili, siku ya kumi na mbili tangu nibandike karatasi. Harufu ilitupokea kwenye kona ya mwisho. Wazee wa Buleusa walisimama, wakanusa, wakaulizana kwa lugha yao ni mnyama gani aliyekufa. Mimi nilijua. Mtu aliyezaliwa Muheto anajua tangu utotoni kwamba jibini hugeuzwa kila siku na kupanguswa kwa maji ya chumvi, la sivyo inatoa jasho chini na kuota manyoya. Nilijua na nikasahau, kwa sababu nilikuwa nautazama muhuri.

Hawakugusa kitu, kama nilivyoagiza. Mama mjane alikuwa amepitia nje ya ule mlango kila asubuhi na ndoo yake ya maji ya chumvi, akarudi nayo. Maziwa ya siku kumi na mbili, kwa kuwa hayakuwa na pa kwenda, yalinywewa na kijiji kizima, na watoto wa pale walikuwa wamenona mashavu. Kijana mkubwa alinijia mbio kabla sijashuka kwenye pikipiki. Hata hakumtazama mgeni niliyekuja naye.

“Mama Maître, ile kitu inapumua,” akaniambia. “Fungua tugeuze tu, kisha utafunga tena.”

Mtu mwenye akili angefungua. Mimi nilisema karatasi imesema hadi kikao, na kikao ni kesho. Nilikuwa na njaa na matope hadi magotini, lakini hiyo si sababu. Nina kichwa kigumu, mama yangu alikuwa akisema hivyo kwa wageni. Kijana akaenda akaketi kwenye benchi ya baba yake, mgongo kwa mlango.

Kesho yake watu walijaa uani, wamekaa upande ule ambako upepo ulitokea. Binti wa Buleusa aliketi pembeni kabisa, kitenge kipya, mikono mapajani. Hakuna aliyemsalimu zaidi ya mama mjane, aliyempa mkono na kiti. Nilifungua kikao, nikaeleza kwamba jambo ni moja tu: je, marehemu alimkubali mtoto huyu? Kijana mkubwa alisema wazee wale wawili wanaweza kuwa wamefundishana njiani maneno ya kusema. Nikamjibu kwamba ana haki, na kwamba nitawatenganisha. Yule jirani wa shingo nilimpeleka jikoni, nikamwacha na wanawake na sahani ya viazi. Mjomba nilimsimamisha katikati.

Mjomba alieleza mbuzi: dume, jeusi, lenye pembe moja iliyovunjika. Alieleza mvua ya siku ile. Alieleza nyama, kipande baada ya kipande, nani alikula nini na nani alinung'unika, na alipofika kwenye kidari chake akafumba macho.

Nikamwita wa jikoni. Alikuja anafuta mdomo. Dume, akasema. Jeusi. Pembe moja. Kidari alikula mjomba.

“Mimi nilikulaka shingo,” akasema. “Ilikuwa nguvu. Ile mbuzi ilikuwa muzee.”

Watu wakaanza kucheka. Chifu alikuwa anaandika kwa bidii, na niliona ameandika shingo, kisha ngumu. Nami, kwa kufuata tu utaratibu, nikauliza kipande kilichokuwa kimebaki kwenye orodha yangu, kwa sababu mjomba alipokitaja alisema tu kilikwenda kwa mgeni. Nikauliza ini alikula nani.

“Ini ni ya ule anasindikiza baba ya mutoto,” mzee akajibu, na akaanza kutazama watu mmoja mmoja, polepole, hadi jicho lake likasimama. “Si ni ule pale? Mwenye kofia. Amezeeka, lakini njo yeye.”

Uani pote shingo ziligeuka. Baba mdogo, ambaye hakuwahi hata siku moja kuvuka kwenda upande ule, alitazama miguu yake, kisha akaitazama kofia, kwa maana alikuwa ameivua, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kijiji kuona upara wake. Tulimsubiri.

“Ilikuwa ini kidogo tu,” akasema.

Sijawahi kuona kikao cha mirathi kikicheka namna ile. Mama mmoja alianguka kutoka kwenye gogo. Chifu aliweka kalamu chini akajifuta macho kwa karatasi ya tribinali. Mama mjane naye alicheka hadi akalia, kisha akalia kweli, na akavuta kiti chake kando ya kiti cha yule binti. Baba mdogo, akiwa hana tena cha kuficha, alieleza yote: kaka yake alimwomba anyamaze kwa sababu mama alikuwa ameolewa karibuni, na mtu akishanyamaza miaka mingi kiasi hicho hajui tena aanzie wapi kusema. Aliongeza kwamba ini lilikuwa tamu.

Tukaandika. Chifu aliandika majina ya watoto watatu, na nilimwona binti wa Buleusa akifuata kalamu kwa macho hadi herufi ya mwisho ya jina lake. Kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, likidateri ni yeye, isipokuwa wenzake wakikataa. Mdogo alitia sahihi papo hapo. Kijana mkubwa alitia sahihi pia, hakuwa mtu wa kukana alichosikia, lakini alivua koti la baba yake akalikunja juu ya benchi, uso umemkauka, na niliumia kumtazama. Furaha ya watu uani haikumfikia.

Kilichobaki ni orodha ya mali. Nikaipasua karatasi yangu mlangoni kwa mkono wangu mwenyewe, na sikujisikia vibaya hata kidogo. Tuliingia tumefunika pua. Jibini za rafu za juu zilikuwa zimeota manyoya ya kijani na ya kijivu, zingine zimepasuka. Nikaomba msamaha mbele yao wote, kwa sauti ya kawaida, si ile ya ofisini. Binti wa marehemu aliniambia hata nyama huota hivyo kwao wakati wa mvua, wanakwangua wanakula. Kisha akakunja kitenge, akapokea ndoo ya chumvi kutoka kwa mama, na akatoa neno lake la kwanza kama likidateri.

“Mugeuze zote,” akasema. “Tuone yenye kupona.”

Kijana mkubwa alichuchumaa kwenye rafu ya chini, penye baridi zaidi, ambako jibini zilikuwa nzima. Zilikuwa tatu. Za Noeli hakuzigeuza mtu mwingine, kwa hiyo mkono wa mwisho kuzigusa ulikuwa wa mzee mwenyewe, na alikuwa ameziacha alama ikiwa chini. Akageuza ya kwanza: mistari mitatu, akampa mdogo wake. Ya pili: mistari miwili, yake. Ya tatu mama alisema kutoka mlangoni kwamba hiyo ni ya mteja wa Walikale, yule wa kila Noeli, na kwamba yeye mwenyewe ndiye huifunga kitambaa. Aliposema kitambaa, akamgeukia yule binti.

Kijana akaigeuza. Mstari mmoja.

Alikaa pale chini muda mrefu, jibini mbili mapajani, akipitisha kidole kwenye ule mstari mmoja, kisha kwenye miwili yake. Nami nilisimama na daftari langu, mtu aliyesoma miaka mitatu, ambaye aliambiwa mistari miwili na mitatu hakuuliza, akaambiwa jibini ya Noeli akasema haithibitishi kitu, kisha akaufungia ushahidi wote ndani na kuubandikia muhuri.

“Mimi ni mbili,” kijana akasema. “Tangu utoto niko mbili, na siku moja sikuulizaka moja iko nani.”

Akainuka. Uso wake ulikuwa umefunguka kabisa, sijui kwa nini, labda kwa sababu kumbe hakuna aliyemnyang'anya nafasi. Baba yake alikuwa amempa nafasi yake ileile tangu mwanzo. Akaiweka ile jibini mikononi mwa yule mwanamke, akaiacha mikono yake juu ya mikono ya mwanamke huyo, mifupi minene yote minne.

“Yaya,” akamwita, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, “hii njo yako.”

Dada yake aliipeleka puani akainusa, akaanza kulia, na mama mjane akamkumbatia yeye na jibini pamoja. Nje, baba mdogo aliuliza kwa sauti kama wamalizie orodha kwanza au wakate moja watu waonje. Walikata ya mistari miwili. Mwenyewe aliomba iwe hiyo.

Niliandika kwenye orodha: jibini za nyumbani tatu, mstari mmoja, miwili, mitatu, wenyewe wote wapo. Niliipeleka tribinali wiki iliyofuata, na karani akanirudisha nyumbani nayo, kwa sababu chini yake hapakuwa na muhuri wa chifu. Nilikuwa nimesahau kuuomba.